Mgeni wa Siku Mbili: Soka la Ligi Kuu katika Uwanda wa Ufipa

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii husemwa zaidi kwa mzaha, pale mgeni anapokawia kufunga mizigo yake. Hata hivyo ndani ya mzaha huo imo kanuni ya makaazi. Mgeni asiyepewa jembe hula na kusifiwa, kisha huondoka. Aliyepewa jembe amepewa na sehemu ya shamba. Mavuno yakiwa mema ni yake, na mvua zikikosekana njaa pia ni yake. Tangu siku hiyo haitwi tena mgeni.

Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, uliijua maana ya methali hii kwa njia ya mpira wa miguu. Katika msimu wa 2020/21, na tena katika sehemu ya msimu uliofuata, klabu ya Tanzania Prisons ya Mbeya iliufanya Uwanja wa Nelson Mandela wa mjini humo kuwa uwanja wake wa nyumbani. Mji ambao wengi wa mashabiki wa soka nchini walikuwa wakiusikia kwa nadra ukawa ghafla kituo cha safari za Simba na Yanga. Hapo bingwa wa nchi akaangushwa, na jina la mji likatajwa redioni kutoka Pemba hadi Kigoma. Kisha klabu ikarudi Mbeya. Kisa hiki ni kifupi mno kwa hesabu ya miaka, lakini kinauliza swali ambalo miji midogo ya Tanzania imeulizwa mara nyingi: timu ni ya nani, na mji huipataje timu iliyo yake?

Kulijibu swali hilo kunahitaji kwanza kuijua nchi yenyewe. Ufipa ni uwanda wa juu uliokaa baina ya mabonde mawili makubwa. Upande wa magharibi ardhi huporomoka hadi Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki huporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Juu ya uwanda huo, penye kimo cha kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ndipo ulipo mji wa Sumbawanga. Hewa yake ni ya baridi, na mtu wa pwani anayefika huko mwezi wa Juni au Julai hulitafuta koti kabla ya kutafuta chakula. Mchezaji aliyezoea joto zito la Dar es Salaam au Unguja hushangaa kuona pumzi inamwishia mapema, kwani hewa ya juu ni nyepesi. Nchi ni ya nyasi, vilima vya mviringo na mashamba mapana ya mahindi, maharage na ulezi. Rukwa imehesabiwa kwa miaka mingi pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi kwa mahindi.

Jina la mji nalo lina kisa chake. Wafipa hulifasiri kuwa ni agizo: sumba, yaani tupa, wanga, yaani uchawi. Msomaji wa visiwani hahitaji kufasiriwa neno la pili, kwani mwanga na wanga anawajua tangu utotoni, wale watembeao usiku kwa nia mbaya. Hata hivyo watani wa mpira wameligeuza jina hilo kinyume. Timu kubwa inapofungwa Sumbawanga, husemwa kwa kicheko kwamba imefungwa na mambo ya mji ule. Mji ambao jina lake huwaamuru watu wautupe uchawi umesingiziwa kuwa ndio unaouhifadhi.

Habari za mgeni si ngeni katika Ufipa. Simulizi mashuhuri kuliko zote katika nchi hiyo, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliikusanya na kuichambua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1981, inahusu mgeni na kiti. Yasimuliwa kwamba palikuwapo mfalme wa kale huko Milansi, jina lake Ntatakwa. Siku moja akaenda kuwinda, akamwonya mkewe kwamba wageni watakuja na kwamba asiwape kiti chake. Wageni wakaja kweli, wanawake watatu waliotoka mbali. Mwenyeji akashindwa kuwazuia, na mmoja wao akakikalia kiti cha enzi. Mfalme aliporudi alikuta jambo limekwisha. Hakupigana. Aliwaachia wageni utawala wa nchi, yeye akabaki na Milansi yake na heshima ya kale. Kutokana na wanawake hao nasaba ya Watwa huhesabu ukoo wake, na baadaye nchi ikagawanyika kuwa falme mbili za Nkansi na Lyangalile, kila moja ikiwa na mtawala wake aitwaye mwene.

Simulizi hiyo haiwasifu wageni wala haiwalaani. Yaonekana Wafipa waliitumia kufikiri juu ya jambo lile lile ambalo methali ya pwani inaligusa: kati ya mwenyeji na mgeni pana mkataba, na mkataba huo waweza kuishia kwa mgeni kukalia kiti au kwa mgeni kushika jembe. Ukoo wa Watwa ulikalia kiti, lakini pia ulikaa nchini, ukazaa na kuzikana na wenyeji.

Majembe yenyewe Ufipa iliyajua vyema. Kabla ya majembe ya viwandani kuletwa na meli na reli, nchi hiyo ilikuwa na mafundi mashuhuri wa kuyeyusha chuma. Walijenga matanuri marefu ya udongo, malungu, yenye kimo cha kiasi cha mita tatu, ambayo yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila ya kufukutwa kwa mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kazi ilihitaji mkaa mwingi, miiko na subira ya siku kadhaa. Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson alipita Ufipa na kufika kwa Mwene Kapufi wa Nkansi, naye akaandika juu ya watu wapole wenye kupenda kilimo. Wakati huo misafara ya biashara iliyotoka pwani ya Waswahili ilikuwa imekwisha kuzijua bandari za Ziwa Tanganyika, Kirando ikiwa mojawapo, na hivyo lugha ya Kiswahili ilifika katika mwambao wa Ufipa kabla ya bendera yoyote ya Ulaya.

Mpira wa miguu ulikuja baadaye, na ulikuja kwa njia iliyofanana na ile ya visiwani. Unguja mchezo huu ulichezwa mwishoni mwa karne ya 19 katika skuli ya misheni ya UMCA iliyokuwa Kiungani, na kutoka hapo ukaingia Ng'ambo na kuwa wa watu wote. Huko bara nako, katika wilaya nyingi, mpira ulifuata skuli, na skuli ilifuata misheni. Ufipa ilikuwa nchi ya mapadri wa Kikatoliki wa shirika la White Fathers, waliofika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885 na kuusambaza utume wao kusini hadi uwandani. Tofauti ni kwamba Ng'ambo palikuwa na mji, na mji ulizaa klabu, na klabu zilizaa upinzani wa mitaa. Ufipa ilikuwa nchi ya vijiji. Vijana wake wengi waliotafuta fedha ya kodi walitoka, wakaenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa.

Umbali nao ulichangia. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Kabla ya hapo Ufipa ilihesabiwa katika Mkoa wa Mbeya na Mpanda katika Mkoa wa Tabora. Mwaka 2012 Mpanda ikatolewa tena, ukaundwa Mkoa wa Katavi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa katika miaka ya 1970, ilipita Tunduma na kuiacha Sumbawanga kando. Kwa miongo mingi barabara kutoka Tunduma ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Kilomita zake zipatazo 224 ziliwekwa lami katika miaka ya mwanzo ya 2010, kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Basi la abiria likaanza kufika bila ya kulala njiani, na gari la mahindi likashuka kwenda sokoni kwa wakati. Basi la timu ya mpira nalo likapata njia. Mtu anayetafuta chanzo cha soka la Ligi Kuu katika Ufipa asiisahau lami hiyo.

Ligi ambayo Sumbawanga ilikuja kuikaribisha ilikuwa, tangu kuanzishwa kwake mwaka 1965, ligi ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa. Sunderland, ambayo baadaye iliitwa Simba, ilichukua ubingwa wa kwanza. Yanga ikafuata, na mataji mengi yakawa ya kupokezana baina ya mitaa miwili ya Kariakoo. Mikoa ilipata siku zake kwa nadra: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, Mtibwa Sugar ya Turiani mwaka 1999 na 2000. Ajabu kuliko zote ilikuwa Tukuyu Stars, klabu ya mji mdogo wa milimani huko Rungwe, iliyotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986. Tukuyu ni mji wa chai, ndizi na mvua, nao ni jirani wa Ufipa kwa kipimo cha Nyanda za Juu Kusini. Haikudumu kileleni, lakini mpaka leo mtu wa Rungwe husema ubingwa ule ulikuwa wetu.

Wapenzi wa soka wa visiwani wanaikumbuka vyema Ligi ya Muungano, iliyozikutanisha timu bora za Bara na za Zanzibar. Humo KMKM ilitawazwa mwaka 1984, na Malindi mwaka 1989 na 1992. Katika orodha hiyo hiyo, mwaka 1999, limeandikwa jina la Prisons ya Mbeya. Basi timu iliyokwenda Sumbawanga mwaka 2020 haikuwa timu ya kubahatisha. Ilikuwa na taji lake la kale, ingawa jamii ya mpira ilikuwa imekwisha kulisahau, kwani Ligi ya Muungano yenyewe ilififia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Zanzibar ikaanza kupeleka timu zake katika mashindano ya Afrika kwa tiketi yake.

Prisons ni timu ya Jeshi la Magereza, na mashabiki wameipachika jina la utani la Wajelajela. Visiwani aina hii ya klabu haihitaji maelezo: KMKM, JKU na Mafunzo zimekaa katika ligi ya Zanzibar miaka na miaka zikiwa na mwajiri nyuma yao. Klabu ya jeshi ina raha na ina karaha. Raha yake ni kwamba haifi kirahisi. Mfadhili hachoki akahama, wala mchezaji hajui njaa, maana akiacha mpira bado ana sare na mshahara. Karaha yake ni kwamba mji haukuizaa. Shabiki aweza kuipenda, akaishangilia na kuililia, lakini hapigi kura katika mkutano wake wala haamui itacheza wapi.

Kabla ya Prisons kuhamia, mji wa Sumbawanga ulikuwa umekwisha kuonjeshwa utamu. Shirikisho la soka la nchi, TFF, lilikuwa na desturi ya kuizungusha mikoani fainali ya Kombe la Shirikisho. Mwaka 2017 ilichezwa Dodoma, 2018 Arusha, 2019 Lindi. Baada ya Sumbawanga ikaenda Kigoma mwaka 2021, na baadaye ikavuka bahari hadi Uwanja wa Amaan, Unguja, mwaka 2024. Mwaka 2020 zamu ilikuwa ya Rukwa. Ulikuwa mwaka wa maradhi; ligi ilisimamishwa mwezi Machi kwa sababu ya korona na kurejea mwezi Juni. Tarehe 2 Agosti 2020, katika Uwanja wa Nelson Mandela, Simba ilikutana na Namungo, klabu ya Ruangwa mkoani Lindi, iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu. Luis Miquissone na John Bocco waliifungia Simba, Edward Manyama akaifungia Namungo, na mchezo ukaisha 2-1.

Kwa watu wa Ufipa siku ile ilikuwa na mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba uwanja wao ulitosha kwa mchezo mkubwa. La pili lilivaa jezi ya Namungo. Ruangwa ni mji mdogo kuliko Sumbawanga, na wilaya yake haina hata nusu ya sifa ya mahindi ya Rukwa. Lakini Ruangwa ilikuwa na timu fainali, na kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi pia, Namungo ndiyo iliyokwenda kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ikafika hatua ya makundi. Sumbawanga siku ile ilikuwa mwenye nyumba anayewaandalia wengine karamu.

Ndipo katika msimu mpya Prisons ikaja na kuuchukua uwanja huo kuwa nyumbani. Kutoka Mbeya hadi Sumbawanga ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300, hivyo mashabiki wa zamani wa Mbeya hawakuweza kuifuata kila wiki, na nafasi yao ikachukuliwa na wenyeji wapya. Kwa timu za Dar es Salaam safari ikawa ya zaidi ya kilomita 1,100, kupanda milima, kuteremka na kupanda tena.

Alhamisi ya tarehe 22 Oktoba 2020 Simba ilirudi katika uwanja ule ule ilioinulia kombe miezi miwili na nusu nyuma. Ilikuwa bingwa wa nchi kwa misimu mitatu mfululizo na haikuwa imefungwa katika msimu huo. Katika kipindi cha pili Samson Mbangula akaipatia Prisons bao, na bao hilo likadumu mpaka kipenga cha mwisho. Matokeo ya 1-0 yalisomwa katika taarifa za habari kwa sauti ya mshangao. Simba ilipona jeraha hilo na hatimaye ikautwaa tena ubingwa, lakini kwa mji wa Sumbawanga mwisho wa ligi haukuwa na uzito wa siku ile. Siku ya mwisho ya mwaka huo huo, Disemba 31, Yanga nayo ikafika, na ikaondoka na sare ya 1-1. Katika miezi michache, vigogo wawili wa Kariakoo walikuwa wamefika uwandani na hakuna aliyeondoka na ushindi wa ligi.

Mambo haya yalikuwa na faida zisizoandikwa katika msimamo wa ligi. Timu kubwa inapofika mji mdogo, nyumba za wageni hujaa, mama lishe huongeza sufuria, na dereva wa bodaboda hupata nauli ya siku tatu kwa siku moja. Mtoto aliyezoea kumwona mchezaji katika runinga ya kibandani humwona kwa macho yake, akigundua kwamba naye ni mtu mwenye kutoka jasho na kukosea pasi. Faida hiyo ya mwisho haina bei, nayo huwa haionekani mpaka ipite miaka kumi.

Tarehe 19 Disemba 2021 Yanga ilikwenda tena Sumbawanga, na safari hii ikashinda 2-1. Kabla ya msimu huo wa 2021/22 kumalizika, Prisons ilikuwa imerejea Sokoine, Mbeya, na huko ndiko ilikoifunga Simba tena 1-0 mwezi Juni 2022. Mgeni alikuwa amefunga mizigo. Hakuiba kitu wala hakuvunja ahadi, kwa kuwa kwake ni Mbeya na kila mtu alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Ila jembe hakuwa amepewa.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba dawa ni mji kuwa na timu ya Ligi Kuu iliyo yake. Historia ya karibuni inaonya kwamba hata hilo si kinga. Chukua fainali tatu zilizotangulia ile ya Sumbawanga. Mwaka 2017 Mbao ya Mwanza ilifungwa na Simba fainali. Mwaka 2018 Singida United ilifungwa na Mtibwa. Mwaka 2019 Lipuli ya Iringa ilifungwa na Azam. Zote tatu zilikuwa timu za mikoani zilizowapa watu wao siku ya kukumbukwa. Na zote tatu ziliondoka Ligi Kuu katika msimu mmoja, ule wa 2019/20, Lipuli na Singida United kwa kushuka moja kwa moja, na Mbao kwa kushindwa katika mchujo na Ihefu.

Ihefu nayo ina kisa chake, tena cha karibu na Ufipa. Ilikuwa timu ya Mbarali, bonde la mpunga huko Mbeya, ikichezea Ubaruku mashambani. Tarehe 29 Novemba 2022 iliifunga Yanga 2-1 na kuukata mwendo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga ilikuwa haijafungwa. Nchi nzima ililijua jina la Ihefu. Miaka miwili haikupita, timu ikawa imehamia Singida, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Mbarali ilibaki na mpunga wake na kumbukumbu ya jioni moja. Hapo si mgeni aliyeondoka. Ni mtoto wa nyumbani aliyechukuliwa akapewa jina jingine.

Kwa hiyo kati ya Prisons iliyokuja ikaondoka na Ihefu iliyozaliwa ikahamishwa, tofauti kwa shabiki ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Katika visa vyote viwili uamuzi ulifanyika mahali ambapo shabiki hakualikwa kukaa. Tukuyu Stars ilianguka, lakini haikuhamishwa. Jina lake lilibaki Rungwe hata lilipokuwa limechakaa, na jina lililochakaa huweza kutiwa kiraka.

Kwa mkoa kama Rukwa, ngazi ya kupanda inajulikana. Timu huanza wilayani, ikashinda ligi ya mkoa, ikaenda katika ligi ya mabingwa wa mikoa, kisha katika daraja linaloitwa First League, kisha Championship, jina lililochukua nafasi ya Daraja la Kwanza mwaka 2021, na mwisho Ligi Kuu. Kila kipandio kina safari zake. Timu ya Sumbawanga inayosafiri kwenda kucheza Mara au Mtwara hulipa mafuta, posho na malazi ya siku nyingi kwa dakika tisini, na katika madaraja hayo ya chini mapato ya mlangoni hayatoshi hata kununua mipira. Timu ya Dar es Salaam katika daraja hilo hilo huwakuta wapinzani kadhaa kwa daladala. Ndiyo maana miji ya mbali huishia kungoja timu ya kuazima, au tajiri, au taasisi.

Lakini Ufipa ni nchi iliyowahi kuujua ushirika wa aina nyingine. Tanuri la chuma halikuwa mali ya mtu mmoja anayeweza kulihamisha. Palihitajika wakata mkaa, wachimba mawe ya chuma, wafinyanzi, fundi mkuu mwenye dawa na miiko yake, na kijiji cha kuwalisha wote kwa siku za kazi. Kilichotoka humo kilikuwa jembe, na jembe lilirudi kwa wale wale walioleta mkaa. Klabu za kale za visiwani zilijengwa kwa namna hiyo: ada ya senti, jezi zilizoshonwa mtaani, mikutano mirefu yenye maneno makali. Baadhi yake zimekufa na baadhi zingali hai, lakini hakuna aliyeamka asubuhi akakuta Malindi imehamia mji mwingine.

Mahindi ya Rukwa huondoka kila mwaka kwa malori, na watu wa uwandani wamezoea kuona mali yao ikiliwa mbali. Uwanja wa Mandela haupakiwi katika lori. Umebaki pale pale ulipokuwa tarehe 22 Oktoba 2020, na vijana waliokuwa na umri wa miaka kumi siku Mbangula alipofunga wanafikia umri wa kuchezea timu za wakubwa. Siku mbili za ugeni ziliwaonyesha kwamba bingwa anaweza kufungwa katika mji wao. Siku ya tatu haina mgeni ndani yake. Ina wenyeji tu, na shamba, na swali la nani ataanza kulima.